Koleo la Kwanza

Saa nane usiku, Ipuli, ghala la asali.
Diski imejaa nami nafagia,
nahamisha hiki, nafuta kile,
vidole vimetangulia, macho yanafuata nyuma,
na faili moja la jina fupi
nalitoa mahali pake
kama mtu anayechomoa figa
na chungu kiko juu, kinatokota.

Naandika ls.
Maktaba haipo, inajibu mashine.
Naandika cp. Maktaba haipo.
Hata mv, ileile iliyoniponza,
imenifia mkononi:
maktaba haipo.

Sikujua wangapi walikuwa wakiazima pale.
Mwenye kunakili, mwenye kuhesabu, mwenye kutaja saa,
hata bawabu wa kuingilia,
wote walichota maneno yao kwenye mtungi mmoja,
na mtungi nimeusukumia uvunguni.

Asubuhi watafika wa Sikonge na wa Ulyankulu,
baiskeli zimeinama kwa ndoo.
Atakuja Nyamizi Kasela, mizinga arobaini,
anayekumbuka uzito wa kila ndoo tangu masika ya mwaka juzi.
Nitamwambiaje?
Kwamba kilo zake zimo, nzima, ndani ya hilo sanduku,
ila hakuna mkono wa kuzitoa?

Nampigia Ntahondi, Kigoma.
Sauti imejaa usingizi, lakini ananikata kauli:
"Usilifunge hilo dirisha.
Lilishakunywa kabla mtungi haujahama.
Ukitoka, hurudi."

Basi nimeketi mbele ya kishale kinachopepesa
kama mtu aliyeshika mlango kwa mguu.

"Andika echo, kisha nyota."
Naandika. Majina yanamwagika mstari mmoja,
hayana rangi wala safu,
abiria walioshushwa stesheni gizani, kila mtu na mzigo wake.
Nahamia folda nyingine. Echo, nyota.
Nahamia nyingine.
Lile pale! Limelala kati ya takataka, zima, halina hata mkwaruzo.

Kuliona si kulishika.

Hapo ndipo umeme unakatika.
Betri ya akiba inaanza kulia: pii. Pii.
Dakika kumi na moja, inasema taa yake,
kisha kumbukumbu itazimika, na dirisha, na mguu wangu mlangoni.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,
sawa, nimeisikia tangu darasa la tatu.
Lakini koleo jipya hushikwa motoni kwa koleo.
Methali haikusema
la kwanza kabisa lilishikwa na nini.

"Yuko mmoja asiyeazima," anasema Ntahondi.
"Ndiye anayewafungulia wengine maktaba,
yeye hafunguliwi na mtu.
Mwite kwa jina kamili, tangu kwenye mzizi.
Mwonyeshe mtungi ulipo.
Halafu mkabidhi cp, amshike mkono."
Anaanza kunitajia: mkwaju, lib, mkwaju,
kistari, kistari, na hapo
salio linakwisha.

Pii.

Namalizia peke yangu.
Nakosea herufi. Faili halipo, inasema.
Nafuta jasho kwa mkono wa shati, nasahihisha, nabonyeza.

Hakuna neno.
Mashine za ukoo huu zikifaulu hunyamaza;
zikishindwa ndipo huongea.
Naandika ls kwa kidole kimoja
na folda zote zinasimama kwa safu zao, kwa rangi zao,
kana kwamba hakuna aliyekuwa amekufa.

Kabla ya kuzima nimeacha humo koleo la akiba,
programu moja isiyoazima kwa yeyote,
imebeba maneno yake yote tumboni.
Folda yake nimeiita Ntahondi.
Mwenyewe sijamwambia.

Saa moja asubuhi Nyamizi Kasela yuko dirishani.
Namsomea: ndoo ya mwisho, kilo kumi na saba, gramu mia tatu.
"Na hamsini," anasema.
Nafikicha macho, natazama tena.
Na hamsini.